Siku Papa Alipoyeyusha Plombu

Mafuta ya mawese yakianza kuchemka kwenye sufuria, kabla hujatia kitunguu, hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayokaa kooni. Wengine wakiisikia wanakumbuka sombe ya majani ya mihogo na maharage ya Jumapili. Mimi nakumbuka treni. Msinicheke. Mume wangu ameshazoea kunikuta nimesimama na mwiko mkononi, macho yapo mbali, vitunguu bado vimelala kwenye sahani. Husema tu, "Leo tena umepanda mashine ya papa yako," kisha anaenda kujitafutia mkate.

Ndiyo, Baraka yangu mimi, mji wetu wa kando ya ziwa, ilikuwa na treni. Mkija leo mtasema naongopa, maana hamtaona hata kipande kimoja cha reli kikiwa mahali pake. Vingine vinashikilia paa za watu, na kimoja kinaning'inia shuleni, kinagongwa asubuhi kuita watoto. Zilikuwa reli nyembamba za kampuni ya pamba, nyembamba hivi kwamba mimi, mtoto wa miaka tisa, niliweza kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Zilianzia kwenye gati la ziwani, zikapita nyuma ya nyumba za wavuvi, zikavuka daraja la mto, zikaenda kuishia bondeni, chini ya milima, mahali tulipopaita Kilometa Kumi na Mbili. Hapakuwa na jina lingine. Kampuni iliandika namba kwenye jiwe, watu wakaja kujenga pembeni, na ile namba ikawa kijiji.

Kampuni yenyewe ilikuwa imeshaondoka. Wakubwa walifunga ofisi wakaacha ghala, mizani, mabehewa manne, na mashine moja ya mvuke, nyeusi, fupi, yenye bomba la moshi refu kuliko lilivyostahili. Wakamwacha na papa, baba yangu, aliyekuwa mashinisti, yaani mwendeshaji. Hakuna aliyemwambia aendelee na kazi, na hakuna aliyemwambia aache. Basi akaendelea. Jumanne na Ijumaa mashine ilipanda bondeni na chumvi, sabuni na ndakala, yaani dagaa, wakavu waliotoka Ubwari ng'ambo ya maji, ikashuka na mihogo, mpunga, matofali na madumu ya mawese. Hapakuwa na tiketi. Aliyetaka mzigo wake upande alileta kuni, gunia moja kwa fungu moja. Treni ile ililishwa na wenye mizigo wenyewe.

Aliyepokea kuni alikuwa Asende, mchochea moto, mtu mfupi wa maneno mengi. Alizipima kuni kwa kuzinusa. Mama mmoja wa Lweba alizoea kumletea miti mibichi iliyofichwa katikati ya mikavu, na kila Ijumaa walitukanana kwa upendo mbele ya umati. "Mama, hizi kuni banazitoa ndani ya maji?" Mama anajibu, "We choma tu, mudomo yako itazikausha." Watu wanacheka, gunia linapanda.

Na mawese? Mafuta ya kulainisha vyuma yalikuwa yakitoka Kalemie kwa boti. Miaka ile ya mwisho boti zikawa za kubahatisha, mara zinakuja, mara hazionekani, na mapipa yakakauka. Papa akachukua kopo lake lenye mdomo mrefu, akalijaza mawese ya mama, akaanza kuinywesha mashine. Asende alishika kichwa. Lakini ilienda! Ilienda huku ikinukia jiko, na mbwa wa Baraka nzima waliifuata hadi darajani wakidhani kuna karamu. Watu walipoisikia kwa mbali walisema, "Treni inapika." Mama alilalamika kwamba ameolewa na mwanaume mwenye wake wawili na mke mkubwa ndiye anayemaliza mafuta ya nyumba.

Papa hakuwa mtu wa kuimba wala kucheza na watoto. Alikuwa na neno moja tu, na alilisema kila alipokanyaga ngazi ya mashine: "Maji kwanza." Kabla ya salamu, kabla ya kuni, alitazama kibomba cha kioo kilichoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Hata nyumbani, akitaka kula, alisema "maji kwanza" akimaanisha tunawe mikono. Siku moja alininyanyua nikachungulia ndani ya chumba cha moto kikiwa kimepoa, akanionyesha juu, kwenye dari lake, kitu cha shaba kisichozidi kidole gumba. Kilikuwa kizibo, na moyo wake ulikuwa wa plombu, yale madini laini ya kijivu ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Maji yakipungua, alinieleza, moto unapata nguvu juu ya dari, plombu inayeyuka, mvuke unamwagika chini na kuzima moto kabla boila halijapasuka na kuua watu.

"Ni muzuri basi," nikasema.

"Ni muzuri kwa bantu. Kwa mashinisti ni haya, ni aibu."

Akanisimulia habari za mwenzake wa Kalemie aliyeyeyusha plombu yake mara moja tu, kwa usingizi, akachekwa mpaka akahama mji. Papa alikuwa hajayeyusha hata siku moja tangu alipoanza kazi. Hakujisifu kwa kitu kingine chochote, wala uso, wala nguvu, wala mashamba. Kwa hilo tu alijisifu, na mimi nilijisifu naye shuleni hadi wenzangu wakachoka.

Firimbi yake tuliijua sote. Milio miwili mifupi darajani, mama anabandika maji ya bugali. Mmoja mrefu usiokatika ulikuwa kwa ajili ya ng'ombe: toeni wanyama, toeni watoto, ondokeni kwenye reli. Ng'ombe hao walikuwa wa jamaa za milimani wanaosema Kinyarwanda, waliokuwa wamejenga Kilometa Kumi na Mbili na kuleta maziwa kwenye treni. Kila nilipopewa ruhusa ya kupanda, nilishinda na binti yao mmoja wa umri wangu, Nyamahoro. Mama yake alinipa maziwa ya kuganda kwenye kibuyu, mimi niliwapelekea ndakala. Nyamahoro aliwaogopa ndakala kwa sababu walikuwa na macho. Alikuwa hajawahi kufika ziwani, na nilimwahidi kwamba siku moja nitamwonyesha.

Sasa niwaambie habari ya ile Jumatano.

Vita kwetu ilikuwa bado maneno ya redio na ya wasafiri. Asubuhi hiyo wanajeshi wakajaa gatini, wengi, wakubwa wao wakiongozwa na komanda mwembamba mwenye miwani. Aliuliza mashinisti ni nani. Papa akatoka, amevaa viatu vyake vizito vya kampuni, vile asivyovivua kazini hata jua liwe kali namna gani.

"Washa mashine," komanda akasema. "Tunaenda Kilometa Kumi na Mbili. Bale bantu ba ng'ombe, bote, tunababeba ndani ya behewa, tunabaleta huku ku maji."

Mimi niliposikia hivyo nilifurahi. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiri Nyamahoro anakuja kutembea. Nilianza kuwaza atalala wapi, na kama mama atakubali nimpe gauni langu la Krismasi. Nilimtazama papa nikidhani naye atafurahi, lakini alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ndiyo, mukubwa," akasema. "Inaomba masaa mbili juu ya kupata mvuke." Kisha akaniambia, bila kunitazama, niende kwa mama yangu. Nilienda hadi nyuma ya ghala, nikakaa hapo.

Walichochea. Asende alikuwa kimya siku hiyo, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishangaza. Saa tatu hivi nikasikia kishindo, halafu mlio kama wa gunia la mchele linalomwagika lisiishe. Moshi mweupe ukatoka kila tundu la mashine. Asende akaruka chini akipiga kelele, "Inapasuka! Mukimbie!" Na wale wanajeshi na bunduki zao, mama yangu we, walikimbia! Mmoja aliingia ziwani na kofia yake. Papa hakukimbia. Alishika kamba ya firimbi akaning'inia nayo kwa uzito wake wote, na firimbi ikalia, ikalia, bila kukatika, hadi mvuke wote ulipokwisha na sauti ikafa yenyewe taratibu juu ya mji. Alimwambia komanda kwamba kama asingeutoa mvuke, tungekufa sote.

Kisha akavua kofia. "Nilisahau maji, mukubwa. Ni uzee. Plombu imeyeyuka."

Papa yangu! Mtu wa maji kwanza! Niliwasikia wapakiaji mizigo wakicheka kwa chini, wale wale aliowabebea magunia miaka yote. Komanda hakucheka. Alimwekea bastola chini ya kidevu. "Kama ulifanya makusudi, nitakuua hapa, mbele ya bantu bako. Utengeneze."

"Inaomba plombu mupya, mukubwa. Na plombu haiko. Ilikuwaka inatoka Kalemie."

Komanda akamwambia ana mpaka saa sita. Papa akaingia ndani ya chumba cha moto kufungua kizibo, miguu tu ikionekana nje, na watu wakaendelea kumcheka. Mimi nilichungulia kutoka nyuma ya ghala. Niliogopa bastola, ndiyo, lakini niseme kweli, nilichoogopa zaidi ilikuwa ile haya. Nilimkumbuka mtu wa Kalemie aliyehama mji. Na plombu mimi nilijua iko wapi.

Nyavu za mjomba Wilondja zilikuwa zimeanikwa ufukweni. Kukata wavu wa mvuvi kwetu si mchezo, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu na kumwaga unga wake. Nilijua. Nilichukua kisu cha kupalia samaki nikakata vipande vya plombu kimoja kimoja, hadi vidole vikatoka damu, nikavifunga kwenye upindo wa gauni, nikakimbia. Nilikimbia nikiwa na furaha. Nilipita katikati ya wanajeshi, nikafika mbele ya papa, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye mbao za gati na kizibo kitupu mkononi, komanda amesimama juu yake.

"Papa! Plombu ndiyo hii, njo hii!"

Nimeishi miaka mingi nikijaribu kuusoma upya uso alionitazama nao. Siku ile niliona hasira tu.

"Hii ni plombu ya bavuvi," akasema. "Ni mbaya. Haina kazi."

"Mbaya ama muzuri, yeyusha," komanda akasema, akanipiga kofi la upole begani, la kunisifu. "Mutoto yako iko na akili kukupita."

Watu wakacheka tena. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia mkubwa.

Wakaleta mbabula, jiko la bati, na makaa. Papa akatia vipande vyangu kwenye kopo la samaki, akapuliza. Ilichukua muda. Nilimwona akivua viatu vyake vya kampuni, akavipanga pembeni, kimoja karibu na kingine, nikadhani anasikia joto. Plombu ikalegea, ikang'aa kama maziwa. Akashika kopo kwa koleo mkono wa kulia, kizibo mkono wa kushoto, akainuka ili amimine vizuri. Kopo likainama, plombu yote ikamwagika juu ya mguu wake mtupu, akapiga ukelele ambao sikujua kwamba papa anao, na kizibo kikamtoka, kikagonga ubao, kikapita kwenye mwanya, kikaingia ziwani. Pale gatini maji ni ya kina, na chini ni tope.

Komanda alimtazama akigaagaa. Nilidhani atafyatua. Lakini alitema mate tu. "Zee hili halina kazi hata ya kuuawa," akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa cha shule, akatazama jua, akawaamuru watu wake wafuate reli kwa miguu.

Mama alikuja na dumu la mawese. Alimpaka mguu mzima, akilia, akimlaani papa, akiwalaani wanajeshi, akiilaani mashine. Mguu ulikuwa bado una moto, na yale mafuta yakaanza kunukia. Nilisimama pale nikasikia harufu ya treni ikitoka kwa papa yangu, na sikulia. Nilikuwa nimekasirika. Kwa siku moja alisahau maji, akapoteza kizibo, na kumwaga plombu niliyoiiba kwa ajili yake. Tena alikuwa amesema ni mbaya.

Mjomba Wilondja alikuja kudai wavu wake, na papa akampa vile viatu. Vidole viwili havikupona vizuri, na mguu usingeingia tena humo hata hivyo. Majuma machache baadaye sisi wenyewe tuliikimbia Baraka kwa mtumbwi hadi Ubwari, na tuliporudi mashine ilikuwa imeshanyofolewa kila kilicho cha shaba. Watoto walikuwa na mchezo: mmoja anakuwa mashinisti, anasinzia, wengine wanapiga kelele "maji, muzee, maji!" Papa akawa mtu wa kushona magunia yaliyochanika, akichechemea. Shuleni walipouliza kazi ya mzazi, mimi nilisema mkulima. Nilisema hivyo miaka kumi na zaidi, na sikuwahi kumuuliza kitu.

Miaka ikapita, nikaolewa Uvira, nikapata mtoto wa kwanza. Siku ya kupima watoto uzito, muuguzi aliita jina, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu akainuka. Nyamahoro. Nilimtambua kwa jina, akanitambua kwa uso. Tulishikana kila mmoja na mtoto wake mgongoni, na foleni nzima ikatutazama.

"Papa yako iko?" akauliza, kabla hata ya kuuliza habari zangu.

Nikasema yuko, Baraka.

"Mama alikufa akimutaja. Ile siku firimbi ililia bila kukatika. Batoto ba kuchunga ng'ombe ku daraja bakasikia, bakapandisha banyama mbio. Bakatuambia, muzee anafukuza ng'ombe ku reli. Mama akasema, aka, leo ni Jumatano. Jumatano treni haiko. Tukaacha hata nyungu ku moto. Bale bantu balifika jioni kutuua, sisi tuko tayari juu, tunabaona kidogo-kidogo kule chini." Akamgeuza mtoto wake anitazame. "Huyu njo Baraka. Tulimuita hivyo."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Watu walidhani nimezidiwa. Nilikuwa naona viatu viwili vimepangwa vizuri kwenye mbao za gati. Mtu anayeyeyusha plombu havui viatu. Mashinisti wa miaka yote ile anajua hilo kuliko mtu yeyote. Alihitaji komanda amwone anaumia kweli, na buti lingemkinga. Hakuwa amesahau maji. Alikuwa amekubali kuwa mtu aliyesahau maji, maisha yake yote, mbele ya wapakiaji, mbele ya mke wake, mbele yangu. Na kazi ya kuizima mashine na kuwaonya watu ilikuwa imekwisha saa tatu asubuhi, ameshinda, mguu wake mzima, mpaka mimi nilipokuja nakimbia na gauni limejaa.

Nilishuka Baraka juma lile lile. Nilimkuta ameketi mlangoni na sindano yake ya magunia. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo niliingia jikoni nikapasha mawese kidogo kwenye kikaango, yakapoa hadi ya kuvumilika, nikatoka nayo, nikakaa chini nikauchukua ule mguu. Kwa harufu ile alitabasamu kidogo.

"Nilikutana na Nyamahoro," nikasema. "Bako wazima. Iko na mutoto."

Sindano ikasimama. Nikaendelea kupaka, kidole kwa kidole, hadi kwenye vile viwili vilivyoshikana. Kisha nikasema nilichotaka kusema tangu Uvira. "Papa, unisamehe. Mi njo nilileta ile plombu. Na we ulisema ni mbaya."

Akaweka mkono wake mgumu juu ya kichwa changu.

"Haikuwa mbaya, mama," akasema. "Ilikuwa muzuri sana. Njo uzuri yake ilinitesa."